Skauti na Kilima cha Nduhu

"Nani alikuonyesha kile kilima?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka ishirini na saba, nimesimama mbele ya mkutano wa kijiji kusini mwa Rwamgasa, mkoani Geita. Nilikuwa na shahada ya jiolojia, dira, GPS na ulimi usiochoka kuwauliza watu wengine maswali. Nililoulizwa mimi lilinishinda.

Nimeacha kazi ya porini mwezi uliopita, nikiwa na miaka thelathini na minane. Goti la kushoto ndilo lililoandika barua ya kuacha kazi. Mimi nilitia saini tu. Vijana wa kambini wananiita Mstaafu, na mmoja wao kaniomba niwaandikie niliyojifunza. Nadhani alitarajia orodha ya vifaa. Vifaa vitakuwepo kidogo. Lakini nyote mmesikia habari za Mzee Nkwabi, na kila aliyewasimulia amewapa Nkwabi wake. Nitawapa wangu, na mna ruhusa ya kumtilia shaka.

Sikuanzia Geita. Siku yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Kishapu, mbele ya Mhunze, kwenye tambarare ya pamba na ng'ombe, tukitafuta dalili za almasi kwenye udongo. Nilipewa chekeche, ndoo na mstari wa kufuata, nikaachwa. Mama mmoja aliyekuwa akichuma pamba alinitazama muda mrefu nikiwa nimepiga magoti napepeta.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Sijapoteza kitu, mama. Natafuta almasi."

"Kwani uliiangushia hapa?"

Nilicheka kwa adabu. Leo naona lilikuwa swali la kitaalamu kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Kazi yetu ni kutafuta kitu ambacho hatuna ushahidi kwamba kimewahi kuwa mahali tunapokitafuta. Hatukupata almasi. Nilichopata ni somo la mkubwa wangu wa kwanza, mzee wa Kipare kama mimi, aliyenipokonya kalamu na kunipa penseli. Wino, alisema, hukimbia mvua. Kisha akaongeza: "Na uandike kilichosemwa, usiandike ulichoelewa. Ulichoelewa kitabadilika." Nikaona ni maneno ya mtu anayekaribia pensheni.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa ukanda wa dhahabu. Dereva wetu, Shija, Msukuma wa Kahama mwenye utani wa kutosha magari mawili, alinipeleka kwa mzee ambaye angenitembeza porini, Nkwabi mwenyewe. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba yake akishona katambuga ya tairi iliyokatika. Alikuwa mfupi, amevaa koti la suti katika joto lile.

"Mwangaluka, Mzee," Shija alisema. "Nimekuletea Injinia."

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Injinia wa nini? Wa mashine?"

"Mimi ni mjiolojia. Nasoma mawe."

"Yanakujibu?"

"Wakati mwingine."

"Basi tutaelewana. Mimi nasoma njia, na haijawahi kunijibu."

Kambini walimwita Skauti, na vijijini jina lilitamkwa Sikauti. Lilitoka kwa mjiolojia Mmarekani aliyetutembelea msimu ule. Alimwona Mzee Nkwabi akiinama kwenye majani yaliyokanyagwa na kusema kwamba ng'ombe wamepita asubuhi, mmoja anachechemea, na mchungaji wao ana haraka. Tulipofika mtoni tukawakuta ng'ombe, mchechemeaji, na mchungaji akimalizia kuoga. Yule Mmarekani alifurahi kama mtoto. Kwenye chakula alitueleza kwamba kwao, zamani nchi yao ilipokuwa ikisogea magharibi, walikuwapo watu wa aina hii, walioishi katikati ya wenyeji, wakajua maji yako wapi na njia ni ipi, kisha wakaongoza misafara na majeshi. Baadhi yao walisimulia habari zao wenyewe kwa chumvi nyingi, na wengine wamejengewa sanamu.

"Walikuwa upande wa nani?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Inategemea unamuuliza mjukuu wa nani."

Usemi huo ulinikaa kichwani, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona kwamba Mzee Nkwabi naye ana wajukuu wa namna nyingi wa kuulizwa. Shija aliapa kwamba ndiye aliyeuona mwamba wenye dhahabu kabla ya mzungu yeyote, kwa jembe, akilima mihogo. Wachimbaji wadogo walisema ni jicho la makampuni: akipita mahali leo, kesho utaona vigingi. Muuza chai wa kambini alisema hajui chochote, ana bahati na koti. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuwaongoza wazungu watatu siku kumi na moja bila maji. Mara ya pili niliposikia hadithi hiyo walikuwa wazungu wanne, siku tisa. Nilimwonyesha tofauti.

"Binti," akasema, "wewe ulikuwepo?"

"Hapana."

"Basi chagua."

Sikuwa mtu wa kuchagua, nilitaka vipimo. Walisema anaijua dhahabu kwa kuonja udongo, nami nikaamua kumjaribu. Nilijaza mifuko mitano ya sampuli, nikaandika namba, nikampangia mezani. Miwili niliitoa mahali ambapo maabara ilikuwa imethibitisha dhahabu. Aliipitia yote taratibu. Hakuonja hata mmoja. Akaushika wa tatu.

"Huu umeuchota nyuma ya jiko letu. Una mkaa, na hili ni ganda la kitunguu."

"Na ile mingine, Mzee? Upi una dhahabu?"

"Yote ni udongo, ng'wana wane, mwanangu. Dhahabu mnaitia ninyi huko maabara."

Nilicheka mpaka nikashindwa kuandika matokeo. Lakini siku ileile ndipo aliponifundisha jambo ambalo nililitumia miaka yote iliyofuata, na ambalo ninyi mnalikuta vitabuni mkidhani lilianzia huko: kichuguu. Alinipeleka kwenye kichuguu kirefu kuliko mimi, akamega bonge kwa kisigino cha nyundo yangu. "Mchwa hana jembe, ila anashuka chini kuliko duara," akasema. Duara, kwa msio wa huku, ni shimo la mchimbaji mdogo. "Anachokikuta huko anapanda nacho. Ukitaka kujua kilichopo chini, usichimbe. Omba kwa mchwa." Tangu siku hiyo kila kichuguu nilichokipita nilikimega, niwe nimeagizwa au sikuagizwa.

Sasa nifike kwenye kilima.

Siku moja mstari wetu ulikatizwa na mto uliojaa, tukalazimika kuzunguka. Mzee alitangulia kama kawaida. Saa sita tulipumzika chini ya kilima kidogo cha mawe ambacho hakikuwa kwenye mpango wetu wa wiki ile. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo vinahitaji meno na subira. Nilifungua daftari, kwa sababu kila tulipopumzika niliandika jina la mahali na jina la aliyenitajia.

"Mzee, hapa panaitwaje? Kuna nini hapa?"

Aliendelea kutafuna. "Nduhu," akasema.

Nikaandika: *Kilima cha Nduhu. Mtoa habari: Mzee Nkwabi.* Nilipofunga mkoba alikuwa ameshaondoka bila kunisubiri, yuko mbele hatua hamsini, jambo ambalo si kawaida yake. Karibu yangu palikuwa na kichuguu. Nikamega bonge, nikatia kwenye mfuko, nikaandika namba, nikamkimbilia.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya majuma kadhaa. Bonge lile lilitoa kiasi cha dhahabu kilichomfanya mkuu wa kambi ainuke kwenye kiti chake. Tukarudi na kupima kilima chote kwa gridi. Ramani ikachorwa ofisini Mwanza. Kisha vikaja vigingi, na baada ya vigingi mashine ya kuchoronga mwamba, na wachungaji wakaambiwa wapitishe ng'ombe kwingine. Kijiji kikafanya hesabu rahisi. Kuna mtu tuliyeonekana naye pale, ameketi, anakula.

Sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi, walimwita Mzee Nkwabi kwenye mkutano. Adhabu iliyokuwa ikisemwa ni kutengwa. Msiifikirie kama kununiwa. Aliyetengwa hasalimiwi wala kuitikiwa. Hapewi kaa la moto, hachotewi maji, hasaidiwi shambani. Akifiwa, hakuna jirani atakayeshika jembe kuchimba kaburi. Na mke wa Mzee, Mama Mhoja, alikuwa kitandani mwezi wa pili, miguu imevimba, anapumua kwa taabu. Kila mtu kwenye mkutano ule alijua kinachozungumzwa ni kaburi la nani.

Niliitwa kama shahidi. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, asubuhi, vijana wa sungusungu wamezunguka na fimbo. Aliyeongoza alikuwa mtemi wao, Baba Limi, mtu mpole wa sauti na mkali wa mantiki.

"Wewe binti hatukushitaki," alisema. "Mgeni hana kosa. Mgeni huonyeshwa. Nani alikuonyesha kile kilima?"

"Mto ulikuwa umejaa, tukazunguka..."

"Nani alikuzungusha?"

"Mzee Nkwabi, lakini nina GPS, kifaa kinachosoma..."

"Hicho kidude ni cha wapi?"

"Cha nje."

"Kinamjua Nkwabi?"

"Hapana."

"Kinakijua kijiji chetu?"

Watu wakacheka. Nikaacha habari za GPS, na niwaambie kwa nini. Nilikuwa tayari kusema hakunionyesha. Lakini njia ilikuwa yake. Na bonge la kichuguu nililimega mimi, kwa mkono wangu, kwa elimu aliyonipa yeye. Je, aliyekufundisha kuona amekuonyesha? Chuoni ningeandika insha nzuri juu ya jambo hilo. Pale uwanjani nilikuwa namtazama mzee aliyevaa koti la suti, ameketi chini kama mtoto aliyechelewa shule, hanitazami.

"Yote ya siku ile nimeandika," nikasema mwishowe. "Daftari liko kambini."

"Lilete kesho," akasema Baba Limi. "Tusikilize maandishi, maana mdomo wako umechoka."

Kambini nilifungua daftari, nikaukuta ule mstari. *Mtoa habari: Mzee Nkwabi.* Nilikuwa nimeahidi kuwaletea ushahidi, na ushahidi ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe ukisema kwamba jina la kilima nimepewa na yeye. Yaani alikijua. Alikitaja. Mkuu wa kambi alinipa njia ya kutokea bila kukusudia. "Daftari ni mali ya kampuni," alisema. "Halitoki. Na yule mzee si mali ya kampuni." Ningeweza kwenda kusema nimekatazwa, na isingekuwa uongo. Ningeweza pia kuruka mstari mmoja wakati wa kusoma, maana nani angejua?

Sikulala vizuri, na asubuhi nililitia daftari kwenye mkoba bila kuomba mara ya pili. Shija aliniona, akawasha gari.

Nilisoma mbele yao kuanzia juu: hali ya hewa, saa ya kuondoka, mto, aina ya mawe. Nilipofika kwenye mstari wenyewe sauti yangu ilishuka.

"Ongeza sauti," akasema Baba Limi.

"Mahali: Kilima cha Nduhu. Mtoa habari: Mzee Nkwabi."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Kilima cha nini?"

"Cha Nduhu."

"Nani kakwambia?"

"Mzee Nkwabi. Nilimuuliza hapa panaitwaje, kuna nini. Akasema Nduhu."

Kicheko kilianza kwa yule bibi na kikaenda nyuma kama moto kwenye nyasi. Vijana wa sungusungu waliegemea fimbo zao. Mtu mmoja alipiga magoti kabisa. Nilisimama na daftari langu, nikiwa mtu pekee uwanjani asiyejua mzaha uko wapi.

"Binti," akasema Baba Limi, akifuta macho kwa mgongo wa mkono, "wewe kwenu wapi?"

"Same."

"Kisukuma hujui."

"Nasalimia tu."

"Nduhu ni *hakuna*. Ulimuuliza kuna nini, akakwambia hakuna. Na wewe ukaandika!"

"Injinia wa Hakuna!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Mmechoronga Hakuna mkapata!"

"Na sisi tunamtenga aliyewanyima!" akasema yule bibi, na hapo kicheko kikapungua, kwa sababu ilikuwa kweli.

Hukumu haikuchukua muda. Mzee Nkwabi hakutengwa. Alitozwa mbuzi mmoja kwa kosa la kutembea na watu asiowajua vizuri, na mbuzi akaliwa palepale na mlalamikaji, mshitakiwa na shahidi. Mimi nilipewa kipande cha ini. Njiani kurudi nilimgeukia Shija.

"Ramani ya ofisini imeandikwa Nduhu kwa herufi kubwa. Wewe ndiye uliyeibeba kutoka Mwanza!"

"Niliiona."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani ni utani wa wasomi, Injinia. Nikasema acha, wana mambo yao."

Basi hilo ndilo funzo langu la kwanza kwenu, kama mnataka mafunzo: ukienda mahali, jifunze kwanza neno lao la *hakuna*. Utalisikia kuliko yote mengine. La pili mnalo tayari, ni la yule mzee wa Kipare na penseli yake. Kama ningeandika nilichoelewa, nisingeandika lolote la kumfaa mtu.

Mama Mhoja alifariki baada ya mavuno. Nilikwenda. Nilihesabu majembe kumi na manne kaburini, na Baba Limi alikuwa ameshika mojawapo, amevua viatu. Wanaume walipokezana bila kuambiwa. Mzee Nkwabi aliketi akiwatazama wanavyochimba, na aliitikia kila salamu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehakiki.

Kampuni haikumwita tena. Mkuu wa kambi alisema hawezi kumlipa kiongozi wa njia anayeficha. Kijijini, kwa upande mwingine, sifa yake ilipanda kwa kasi ya kutisha. Sasa alikuwa mzee aliyewadanganya wazungu, aliyesimama kati ya kilima na mashine. Vijana walimnunulia soda. Katika masimulizi, mimi niligeuka kuwa wataalamu sita, wote wajinga. Wachimbaji wadogo hawakusadiki ushujaa huo: walisema alificha ili achimbe mwenyewe kimyakimya na wanawe. Mnaona? Ni neno moja, nililiandika mimi, kwa penseli, na bado limezaa wazee watatu.

Nilimuuliza mwenyewe. Nilikuwa nimehamia kambi nyingine, nikapita kumsalimu, nikamkuta anapukuchua mahindi. Niliketi nikasaidia.

"Mzee, siku ile uliposema nduhu. Ulikuwa unaficha?"

"Unauliza wewe au kampuni?"

"Mimi."

"Nilisema nduhu."

"Najua. Ulimaanisha hakuna dhahabu, au hakuna jina, au usiniulize?"

"Wewe umesoma mpaka chuo kikuu," akasema, "na neno moja la Kisukuma unalitafutia maana tatu. Pukuchua."

Nilipukuchua. Wabeja, akasema nilipoondoka, ahsante. Nilirudia swali hilo mara mbili tena katika miaka iliyofuata, na mara zote jibu lilikuwa mahindi, au karanga, kulingana na msimu. Nilifanya kazi Bukombe, nikarudi Shinyanga, nikarudi tena Geita. Niliwafundisha baadhi yenu kumega vichuguu, na sikuwahi kusema nimejifunza kwa nani bila mtu kuniuliza: yupi, yule msaliti au yule shujaa? Nilizoea kujibu kwamba sijui. Nilidhani hilo ni jibu la kisayansi. Nilikuwa nimefungia watu wote, nikiwemo mimi, kwenye swali la alikuwa upande wa nani, na sikufikiria kwamba huenda alikuwa anajibu tu nilichomuuliza.

Alifariki mwaka juzi nikiwa hospitali na goti langu. Mwezi uliopita, nilipokuwa nikiaga, nilikwenda Katoro kumwona binti yake, Mhoja, ambaye ana cherehani na wanafunzi wawili. Alinipa soda, akaendelea kupinda gauni. Nilimwambia nimekuja kutoa pole iliyochelewa, kisha, kwa kuwa sijui kujizuia, nikamuuliza kwa nini baba yake alikichagua kijiji kile, mahali pasipo na ndugu yake yeyote.

Akasimamisha cherehani. Baba yake hakuwa mzaliwa wa pale, alisema. Alikuja kijana, wakati wa rashi ya kwanza, watu walipokimbilia dhahabu, kabla hakujawa na kijiji, pamoja na mdogo wake aliyeitwa Luhende. Walichimba duara juu ya kile kilima kwa zaidi ya mwaka, wawili tu, mmoja chini na mmoja juu akivuta kamba. Siku matimba, magogo ya kushikilia kuta za shimo, yalipovunjika, aliyekuwa chini ni Luhende. Hakutolewa. Wengine walipohamia rashi nyingine, Nkwabi alibaki, akaoa, akajenga mahali ambapo kilima kinaonekana kutoka mlangoni. Walikuwa wamefika futi themanini, na hawakuwa wameona hata punje moja ya dhahabu.